Bergeron, abriko ya kupikia konfitiri

Hapa Bukavu wengi wetu tunaijua abriko (aprikoti) kwa chupa tu: konfitiri (jamu) ya dukani, tamu mpaka inakwaruza koo, ladha ya tunda huisikii. Mimi napika konfitiri ya maracuja (pasheni) na ya maprini ya Japani (nyanya za mti) kwa kuuza, ndiyo maana nilitaka kujua abriko yenyewe ikoje. Yaya, dada yetu mkubwa anayeishi Valence, Ufaransa, ndiye aliyenijulisha Bergeron.

Ni aina ya zamani. Ilipatikana karibu na Lyon, kijijini Saint-Cyr-au-Mont-d'Or, na mpaka leo wakulima wa bonde la Rhône wanaipanda. Huchelewa kuiva, inavunwa Julai, wakati abriko za mapema zimeshakwisha. Tunda ni refu kidogo, rangi ya chungwa, na upande uliopigwa na jua unakuwa mwekundu.

Yaya alinirekodia video. Anabonyeza kwa vidole viwili penye ule mfereji wa ubavuni, tunda linaachana nusu kwa nusu, na kokwa inadondoka yenyewe, haina nyama iliyoing'ang'ania. Aliyewahi kuchuja mbegu za maracuja ndoo nzima atanielewa!

Nyama yake imekaza na ina uchachu. Kwa kula mkononi ziko aina tamu zaidi, sikatai. Ila kwenye sufuria uchachu huo ni mali: unasaidia konfitiri kuganda, na hata sukari ikiingia nyingi, tunda bado unalisikia mdomoni. Yaya hulaza vipande na sukari usiku kucha. Asubuhi vimeshatoa maji yao, ndipo anawasha moto. Huvunja pia kokwa mbili tatu apate punje za ndani za kutia harufu. Hazidishi, maana punje hizo zina sumu.

Wateja wananiuliza kwa nini nisiupande mti huo hapa. Unajichavusha wenyewe, kwa hiyo hata mmoja peke yake ungezaa, lakini lazima kwanza ulale kipindi kirefu cha baridi kali, majani yote chini, ndipo maua yafunguke vizuri. Baridi ya Bukavu, hata ile ya usiku wa Julai, haifiki huko.

Njia ya Yaya ya kulaza na sukari, hiyo nimeichukua. Maprini ya Japani ya soko la Kadutu nayamwagia maji ya moto, nayamenya, nayakata vipande vinene, na konfitiri yake sasa haichukui muda mrefu motoni, rangi inabaki nyekundu.