Nilienda Lamu kutengeneza pete, nikarudi na gololi

Jamani Tanga mpaka Lamu kwenye ramani si mbali, ila kiuno changu hakijui ramani. Horohoro, Lunga Lunga, feri ya Likoni, nikalala Mombasa usiku mmoja usio na la kusimulia, halafu basi la alfajiri mpaka Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, kila mahali tunashushwa kukaguliwa vitambulisho mpaka nikazoea. Pale boti, begi langu likatozwa nauli kama abiria wakati nimelipakata mwenyewe mapajani!

Nilichofuata ni zile pete za fedha za Lamu zenye kipande cha sahani ya kale ya kauri, nyeupe yenye maua ya buluu. Nikapata mfua fedha mzee kwenye kichochoro kimoja, nikamwambia sitaki kununua, nataka nifundishwe nitengeneze pete yangu, ya kawaida tu ya kuvaa kila siku. Akasema elfu mbili na mia tano, fedha ndani yake. Za Kenya hizo, zidisha kwa ishirini uone! Nikalipa, nishafika ningefanyaje.

Akaniita, "Ndoo hapa, mwanangu." Mlangoni kulikuwa na ndoo ya maji, nikaibeba na uzito wake wote mpaka miguuni kwake. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, ndoo ni njoo, kama njaa wanavyosema ndaa na njia wakaita ndia, na mimi nimekuja najiamini kwamba Kiswahili ni changu.

Tukaanza. Akanipa kipande chembamba cha fedha 925, yaani katika sehemu elfu moja 925 ndiyo fedha, zilizobaki kawaida huwa shaba, maana fedha tupu ni laini mno inajikunja ovyo kidoleni. Unaipasha moto kivulini ili uione rangi, ikianza wekundu wa mbali unaizima kwenye maji (kumbe ndoo ilikuwa na kazi yake), hapo inalainika, unaizungushia kwenye kifimbo cha chuma na kuigonga kwa nyundo ya mbao, ya chuma ingeacha makovu. Kisha unapiga tupa ncha zote mbili mpaka zikikutana mwanga usipite. Hapo tu nilikaa karibu saa nzima, vidole vinauma, mzee anaangalia kwenye dirisha na kusema bado.

Halafu kulehemu. Unapaka tenekari, dawa ya kusaidia lehemu itiririke na kushika, unaweka vijipande vya lehemu, unawasha tochi ya gesi. Aliniambia mara tatu, pasha pete nzima, lehemu hufuata joto yenyewe. Mimi nikaukazia moto pale pale kwenye kiungo maana ndipo nilipotaka paungane, si ndiyo akili ya kawaida? Pete ikang'aa kama kioo, ikatetemeka, ghafla ikajikusanya ikawa gololi. Saa nzima ya tupa, sekunde mbili!

Nikadhani nitafarijiwa. Akaweka gololi kwenye mizani, akasema, "Fedha haikupotea, mwanangu, iko yote," na kipande cha pili akanitoza upya. Kauri nayo ikawa bei nyingine, hiyo inafungwa mwisho kabisa kwa sababu moto unaweza kuipasua.

Usiku pale gesti, feni mbovu na bei ya hoteli kubwa, nikamkumbuka bibi. Alikuwa na vikuku viwili vya fedha, vizito, vikigongana unajua bibi anapita uani. Akaja mtu wa kununua vitu vya fedha mtaa kwa mtaa, akavipima kwa uzito tu, kama misumari. Siku hizi kwetu bibi harusi ukimpa fedha ananuna, anataka dhahabu. Mimi sikuwahi kuuliza vile vikuku alivifua nani.

Pete ya pili ilitoka, imepinda kidogo, naivaa. Gololi nilimpa mama, akaigeuzageuza akauliza, "Na hii nayo uliilipia?"