Neno moja la Imru' al-Qays lilivyonikalisha wiki mbili

Neno lenyewe ni "qifaa". Ndilo linalofungua kasida ya Imru' al-Qays, mshairi wa karne ya 6, na maana yake ni "simameni", ila wanaoambiwa ni wawili tu. Kiarabu kina umbo la uwili. Kiswahili kina umoja na wingi, basi. Nikiitafsiri "simameni", wale wenzake wawili wa jangwani wanageuka abiria wa daladala la Mbagala.

Nilikuwa nimesoma nadharia za tafsiri Mlimani, nikadhani ni za kujibia mtihani. Usiku mmoja nikakumbuka hoja ya mwanaisimu Roman Jakobson ya mwaka 1959: lugha hutofautiana katika yale zinayolazimika kusema, si katika yale zinazoweza kusema. Kiswahili hakilazimiki kutaja uwili, lakini kinaweza. Kumbe nilikuwa nautafuta kwenye kitenzi, wakati ungekaa vizuri tu kwenye nomino: "wenzangu wawili".

Mizani ndiyo iliyonitoa jasho. Kasida hiyo iko katika bahari ya tawili, mojawapo ya mipangilio ya mashairi ya Kiarabu, na kila nusu ya mstari ina silabi 14. Nikajilazimisha nami kuandika 14, saba kwa saba. Shairi likachechemea. Kosa langu lilikuwa kuhesabu tu, kwa sababu tawili hupangwa kwa silabi fupi na ndefu, na sikio la Mwarabu husikia mpangilio huo. Sisi kwenye mizani tunatazama idadi. Nikaiacha 14, nikashika 16 zetu, nane kwa nane. Nilizihesabu kwa vidole njia nzima, Mwenge hadi Magomeni, konda akadhani namdai chenji.

Magomeni nilikuwa namfuata ustadhi aliyenifundisha Kiarabu utotoni. Nilikuwa nimeandika "tudhikiri" kwa ajili ya "dhikraa" (kumbukumbu) ya mstari huohuo, nikijisifu kwamba mzizi ni uleule.

"Mwanangu," akasema, "hapa watu wanamlilia mwanamke. Wewe umewapeleka kwenye halka ya dhikiri."

Kweli. Neno tulilikopa, kisha likashika njia ya msikitini. Nikaweka "tukumbuke". Tukatoka na hii:

Enyi wenzangu wawili, ngojeni hapa tuliye,
Tukumbuke wa awali, habibi na manziliye.

Hiyo "y" ya "tuliye" ni yake. Alisema malenga wa zamani wasingeiacha. Mimi nafurahia zaidi kina cha kati. Kasida nzima, mistari zaidi ya 70, inaishia na "li", nami nimeipata "li" hiyo bila kuilazimisha, ingawa imehamia ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo.

Kisha ustadhi akaniambia kwamba baadhi ya wafafanuzi wa kale waliona huenda anayeambiwa ni mtu mmoja tu, na uwili ni desturi ya Waarabu katika usemi. Wiki mbili zangu! Nimewaacha wawili wangu palepale.

Sasa niko mshororo wa tatu, penye majina ya mahali, Dakhul na Hawmal. Hawmal haitaki kabisa kukaa kwenye "ye".