Zabibu za Idi Kubwa

Jana mwanangu wa mwisho alikuwa akichokonoa pilau, anatoa zabibu moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani. "Mama, hizi zinaingiaje kwenye wali wa nyama?" Kaka yake akamwambia ni mambo ya watu wa pwani. Sisi si watu wa pwani. Nilinyamaza, maana jibu langu ni refu.

Ilikuwa mwaka 1983, Tabora, nyumbani kwa Bibi kule Gongoni. Wa rika langu wanaukumbuka mwaka ule: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, kanga kwa kujuana, na msako wa wahujumu uchumi, walioshukiwa kuficha bidhaa, umepamba moto. Zabibu kavu za kutoka nje, zile ndogo zisizo na mbegu, zilikuwa zimeadimika kabisa. Zamani tulikuwa tukizinunua duka la jirani, tunafungiwa kwenye kikaratasi cha gazeti. Mwenye duka alichukuliwa usiku, ikasemekana amekutwa na bidhaa chumbani. Tangu hapo duka likafungwa, na mkewe akipita njiani watu wanajifanya wanatazama kwingine.

Mwezi wa nane Mjomba, aliyekuwa akifanya kazi reli, alishuka na tenga la zabibu mbichi alizonunua stesheni ya Dodoma. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, na ule ulikuwa msimu wa pili. Zabibu haivumilii safari ya usiku kucha ndani ya treni; za chini zilikuwa zimepondeka, maji yanachuruzika. Tulikula tukashiba. Zilizobaki Bibi akasema zianikwe, Idi Kubwa haiko mbali.

Kuanika zabibu si kama kuanika kisamvu. Ngozi yake ina nta nyembamba, ule weupe unaofutika kwa kidole, na nta hiyo ndiyo inayozuia maji kutoka. Ukiitandaza juani hivi hivi itachelewa kukauka, na inaweza kuoza kabla. Bibi alichemsha maji, akazitumbukiza zikiwa ndani ya kitunga, akazitoa upesi. Ngozi ikapasuka vijistari vyembamba. Kisha jamvi juu ya bati, na kanga kuukuu juu yake kwa ajili ya nyuki, maana Tabora ni mji wa asali na nyuki wakinusa utamu hawakawii. Kila jioni alizishusha, asubuhi akazipandisha. Lile tenga zima lilikuja kuingia kwenye bakuli moja. Kilo nne za zabibu mbichi hutoa kama kilo moja tu ya kavu.

Siku ya Idi, katikati ya Septemba, alizikaanga kwa samli. Nilisimama pale pale jikoni nikaziona zinatuna, mikunjo inanyooka, zinarudi karibu na umbo la mwanzo. Akapakua sinia la kwanza, akamwaga juu yake zabibu zote. Zote. Akafunika kwa kawa.

"Peleka kwa mama pale dukani. Mwambie ni mkono wa Idi. Na upite barabarani, usikate uchochoroni."

Wanaume walikuwa wametoka kuswali, wamejaa barazani. Mazungumzo yalikuwa yakikatika kila nilipofika. Nilipiga hodi mara kadhaa ndipo mlango ukafunguliwa nusu. Nikamwamkia, nikatoa salamu. Mama yule alifunua kawa, akakaa kimya, kisha akachukua zabibu moja akaitia mdomoni. Nikasikia mbegu inavunjika.

"Za wapi hizi?"

"Za Dodoma. Bibi amezianika mwenyewe."

Akamimina wali kwenye chombo chake, akaosha sinia. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, hilo nilijua hata kwa utoto wangu, nami nikamwona anazungusha macho chumba kizima akitafuta cha kuweka. Alirudi na karafuu chache, akazifunga kwenye kikaratasi cha gazeti kwa mikunjo ile ile ya dukani, ncha imechomekwa ndani.

Bibi alikifungua, akanusa, akakifundika kwenye pindo la kanga yake.

"Mama, unatutafutia balaa," Mjomba akasema.

"Kula wali, mwanangu."

Wali wetu haukuwa na zabibu hata moja. Miezi baadaye yule bwana aliachiwa, familia ikahama.

Sijapata kujua kama Bibi aliamini yule bwana hana kosa. Alikuwa akisimama foleni ya sukari kama wenzake, na niliwahi kumsikia akiwalaani wanaoficha. Mjomba anasema alikuwa akilipa fadhila, kwamba mama yule alimkopesha unga mwaka wa njaa. Shangazi anakataa: anasema lile sinia lilikuwa la wale watu wa barazani, ndiyo maana akasema nipite barabarani. Wakikutana kwenye shughuli hubishana mpaka chai inapoa, kisha wananigeukia mimi kwa kuwa ndiye niliyelibeba. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba asubuhi ile sikuona hasira usoni mwa Bibi, wala huruma. Alikuwa na haraka tu, wali usipoe.