Mei ile niliyotangaza kwamba Bingwa kaisha

Septemba 2025 nilikuwa kibandani pale Kabwe, Mbeya, nasubiri simu yangu ishike chaji, jamaa mmoja akawa ameweka kwenye simu yake mbio za baiskeli za dunia zilizokuwa Kigali, zile za mmoja mmoja kushindana na saa, na pale Remco Evenepoel, Mbelgiji, alipomtokea kwa nyuma Pogačar, yule Mslovenia aliyekuwa bingwa wa dunia, mtu aliyemtangulia kuondoka dakika mbili na nusu nzima, akampita kweupeee, vijana wa kibandani wakalipuka, "Kaisha huyo! Pogačar kaisha!" Mimi nikacheka peke yangu. Wiki moja mbele huyo aliyeisha akachukua ubingwa wa dunia wa barabarani kwenye vilima vilevile vya Kigali. Na huyo Remco wa kupita watu ndo huyohuyo Julai yake kule Ufaransa, kwenye Tour de France, mlima wa Peyragudes, alikuwa amepitwa na Vingegaard wa Denmark aliyeondoka dakika mbili nyuma yake. Miezi miwili tu hapo katikati.

Nilicheka kwa sababu hilo neno kaisha nishawahi kulitembeza Mbeya nzima kwa mdomo wangu huu, kuanzia Uyole mpaka Mafiati, Mei 2012, na nikalimeza Agosti.

Kipindi kile tulikuwa kikundi cha kama watu kumi na tano tunaendesha baiskeli Mbeya, sio klabu ya kusema klabu, hatukuwa na ofisi wala mhuri. Masika ikikata, ule mwezi wa tano mwanzoni, tulikuwa na mbio zetu za kufungulia mwaka tunaziita "ya saa". Unaanzia Uyole, unashika njia ya Tukuyu, unapita Igawilo, unapanda mpaka kwenye pipa lililopakwa rangi nyeupe kabla hujafika Isyonje, unalizunguka, unarudi. Kilomita 12 kupanda, 12 kushuka, tulipima kwa mita ya pikipiki kwaiyo kama kuna hesabu imekosewa lawama kwa Wachina. Mnaachiana dakika mbili mbili. Hakuna kujificha mgongoni kwa mtu, hakuna kuviziana, ni wewe na mapafu yako tu, na mwalimu mmoja wa michezo kakaa kwenye ndoo ya viazi iliyopinduliwa, kashika simu mbili za tochi zenye saa ya kuhesabu, moja ikizima nyingine ipo.

Bingwa wetu simtaji jina, mwenyewe hapendi. Alikuwa kama miaka 30 na kitu, mkulima wa viazi wa huko juu, na kila Agosti, siku za Nane Nane, tukirudia njia ileile hakuna aliyekuwa anamgusa. Mei ya mwaka wa nyuma yake alinipiga mimi zaidi ya dakika nne. Dakika nne kwenye kilomita 24, hapo sio kushindwa, hapo ni kama mlikuwa kwenye safari mbili tofauti.

Sasa mimi mwaka ule nikasema hapana. Kuanzia Desemba sikulala. Watu wanakula mbalaga za Krismasi, zile ndizi za kupika, mimi nipo barabarani, mvua ya Mbeya mnaijua, ile inayoanza saa nane mchana na kumaliza inapotaka yenyewe, mimi naenda nayo hivohivo, sweta limelowa limekuwa zito kama gunia, narudi nyumbani mama ananiangalia haniulizi tena. Februari nilikuwa nimekonda mpaka suruali za kanisani zinafungwa kwa kamba. Na nikaenda kwa fundi Mwanjelwa akanichomelea pembe za kulaza mikono juu ya hendo, alitumia bomba jembamba la maji na vipande vya sponji ya godoro. Wazo niliokota kwenye habari za LeMond, Mmarekani yule, ambaye mwaka 1989 siku ya mwisho ya Tour de France alikuwa nyuma ya Mfaransa Fignon sekunde 50, akafunga pembe za namna hiyo, akaenda kilomita 24 na nusu, karibu sawa na zetu kabisa, akamgeuza na kuchukua mbio nzima ya wiki tatu kwa sekunde 8. Sekunde 8! Nikajiambia kama bomba limemsaidia Mmarekani litanisaidia na mimi wa Uyole.

Asubuhi ya siku yenyewe ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, mlima Rungwe hauonekani kabisa, mama wa viazi wamejifunika vitenge mpaka kichwani. Tukachota vikaratasi kwenye kofia. Bingwa yeye kwa heshima yake anaondoka wa mwisho siku zote, na mimi nikachota karatasi ya kutangulia mbele yake. Wakacheka wote. Mmoja akasema, "Dogo, ukifika Igawilo geuka umsalimie." Mwingine akawa anapokea madau ya soda, atanikamatia Igawilo au juu kidogo ya Igawilo, kwamba hatanikamata hakuna hata mmoja aliyeweka.

Nikamwangalia Bingwa. Kwa kweli hakuwa yule wa Agosti. Mashavu yamejaa, jezi imembana tumboni, kile kijistari cha kitovu kinaonekana. Alikuwa anakunywa chai ya rangi na chapati, ya pili ile, dakika kumi kabla ya kuondoka! Nikamsogelea, "Kaka, shikamoo." Akasema, "Marahaba mdogo wangu, umekonda, unaumwa?" Sikujibu.

Mwalimu akahesabu, jamaa akaachia siti yangu, nikatoka kama nimeiba kuku.

Kupanda kule sina mengi ya kusema maana sikuona kitu zaidi ya tairi la mbele na lami iliyolowa. Ninachokumbuka ni masikio. Nilikuwa nasikiliza nyuma. Kila kinachonguruma nadhani ni yeye, nikageuka mara tatu, kumbe Fuso, kumbe Noah ya Tukuyu imejaa watu wananipungia, kumbe mnyororo wangu mwenyewe unalia njaa ya oili. Igawilo nikaipita. Hayupo. Kona za juu, hayupo. Pembe ya kushoto ikalegea ikaanza kuzunguka taratibu, nikawa naendesha mkono mmoja umelala mwingine umeshika hendo kama mtu anayebeba trei, nikasema potelea mbali. Pipa hilo hapo. Nikalizunguka, na wakati nateremka ndo nikakutana naye anapanda, mbali kabisa na pipa, mbali kuliko nilivyowahi kuota. Amekaa, hajasimama kwenye pedeli, anahema kwa mdomo. Hakuniangalia. Anaangalia hendo yake tu.

Nikashuka kama jiwe, machozi ya upepo, meno yanagongana kwa baridi.

Uyole nikafika kwa 53:42. Nikatupa baiskeli kwenye nyasi, nikasimama barabarani naangalia juu, mwalimu anahesabu. Dakika ikapita. Sekunde kumi. Kumi na sita, ndo akafika. Maana yake, ukitoa zile dakika mbili za kuachiana, yeye katumia 52:58, kanishinda sekunde 44 tu, mimi niliyekuwa napigwa dakika nne, na zaidi ya hapo kijana mmoja wa Mbalizi alikuwa na 51 na kitu na mwingine naye kampita, kwaiyo Bingwa wa tatu. Wa tatu! Kimya kikatanda, halafu zikaanza kelele, na wa kwanza kusema kaisha nilikuwa mimi. Nilisema kwa sauti kabisa, yeye yupo mita tano hapo anavua helmeti.

Hakukasirika, hicho ndo kilichoniuma baadaye. Alikuja akakaa kwenye nyasi karibu yangu, akapandisha kaptula kidogo, akabana nyama ya paja kwa vidole viwili, ikashikika nene kama mkunjo wa blanketi. Akaniambia, "Hii unaiona? Hii mwezi wa saba inakuwa haipo." Halafu akaonyesha nyuma ya mguu, kwenye lile shavu la mguu, akapitisha kidole kutoka juu kwenda chini mahali ambapo mimi sikuona chochote. "Hapa kuna mshipa. Saizi umelala. Ukitokea ndo najua nimefika." Akabana paja langu na mimi bila kuomba. Hakikushikika kitu, ngozi na mfupa. Akatikisa kichwa, "Wewe ushafika. Unaenda wapi tena kutoka hapa?"

Mimi nikaona anajifariji. Mtu kashindwa anatafuta pa kushika.

Akafungua begi lake, kwenye mfuko wa nailoni akatoa daftari, zile za kurasa 48 za shule ya msingi zenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaandika tarehe na 52:58 kwa peni ya bluu. Nikachungulia. Juu yake kulikuwa na Mei 2009, 54:05. Mei 2010, 53:31. Mei 2011, 53:50. Na pembeni ya kila Mei kuna Agosti yake: 49:10, 48:22, 47:40. Kumbe kila mwaka anaanza hivohivo, mnene, anahema, sisi tulikuwa hatukumbuki kwa sababu miaka hiyo hakukuwa na wa kumshinda Mei wala Agosti. Na kumbe ile 52:58 ndo Mei yake nzuri kuliko zote. Alikuwa amefurahi, yule mtu! Alifunga daftari akawa anapiga mluzi.

Namba nilizisoma kwa macho haya. Ila ubishi ni ubishi, nikaenda zangu Mwanjelwa kutangaza.

Mwanzoni mwa Juni nikaongeza mazoezi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi, kama miezi mitano ya kujitesa imenipunguzia dakika tatu na zaidi, basi miezi miwili ya kujitesa mara mbili itanimalizia zilizobaki. Nikawa napanda mpaka pipani kila siku, wakati mwingine mara mbili, na hiyo Juni na Julai baridi ya Uyole inakata masikio, unakuta majani ya viazi asubuhi yameungua kwa jalidi. Usingizi ukapotea. Nalala saa tatu, saa nane usiku macho hayo, moyo unadunda kama nimetoka kukimbizwa. Goti la kulia likaanza kuongea. Ugali ukawa hauna ladha. Mtu mwenye akili angepumzika, mimi nikaenda kununua dawa ya minyoo. Bingwa nilikuwa napishana naye barabarani, anapanda taratibu siku hii, siku nyingine anapanda kama anafukuzwa na nyuki dakika chache tu halafu anaacha anateremka kwenda kuchimba viazi vyake, na siku nyingine humwoni kabisa. Nilikuwa namwonea huruma.

Siku za Nane Nane tukakutana tena, jua kali, Rungwe yote imesimama hadharani. Hapo sikutaka kofia wala vikaratasi. Nilimwendea mwalimu nikaomba mwenyewe niondoke mbele ya Bingwa. Mwalimu akaniuliza mara mbili, "Una uhakika kijana?" Nikasema ninao. Bingwa alikuwa anachezea mawe kwa kidole cha mguu, hana chai mkononi, jezi inamning'inia mabegani.

Nimeipita Igawilo kidogo tu. Miguu ilikuwa kama ya kukopa, nakanyaga pedeli naona baiskeli inanijibu kesho. Safari hii sikusikia kitu nyuma, na ndo maana nilishtuka, maana yeye hakuwa na mlio, mnyororo umepakwa vizuri, pumzi inatoka puani, nilichosikia ni ule mchakacho mwembamba wa tairi lililojaa upepo. Akanifikia ubavuni. Hakukaa. Akapita, na aliponitangulia hatua tatu nne nikauona mguu wake wa kulia kwa nyuma, mshipa umetoka kuanzia gotini unashuka mpaka karibu na kisigino, mnene kama kamba ya kiatu, kila akikanyaga unajaa unapungua.

Alitumia 47:12. Mimi sitaki kusema nilivyofika, niseme tu kwamba mama mmoja wa viazi aliniuliza kama nimegongwa.

Jioni nilimkuta anafunga baiskeli yake juu ya Noah ya kurudi kwao. Nikamsaidia kukaza kamba. Nikamwambia, "Kaka, ile siku ya Mei nilikosea." Akasema, "Ulikosea nini? Si ulikimbia vizuri." Halafu akiwa ameshaingia, kichwa dirishani, "Dogo, kale mwezi mzima. Usiiguse hiyo baiskeli."

Nikapita dukani nikanunua daftari la kurasa 48. Ukurasa wa kwanza niliandika Mei 2012, 53:42, pembeni yake Agosti, 55:19. Ninalo mpaka leo, panya wamekula kona ya chini lakini namba zinasomeka.