Usiku wa Saa Ishirini

Mwezi wa Januari 2019, miezi michache baada ya ndege ya kwanza ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York kuruka tarehe 28 Oktoba 2018, nilimsindikiza mama yangu kwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa huko. Awali abiria hakuwa na budi kubadilisha ndege njiani, mara nyingi Ulaya au Ghuba, na mama, kwa magoti yake yale, alikuwa ameshaapa kwamba safari ya kushukashuka si yake.

Nilipomwambia kwamba masafa ni takriban kilomita 11,800, aliniuliza ni sawa na Mombasa na Nairobi mara ngapi. Nikapiga hesabu nikapata karibu mara 25. "Basi ni kwenda na kurudi mara kumi na mbili," akasema, "na bado sijafika nyumbani, niko Nairobi."

Kilichomtatiza zaidi ni tikiti, kwa kuwa kwenda kuliandikwa saa 15 na kurudi saa 14. Nilimweleza kwamba huko juu, katika Atlantiki ya Kaskazini, huvuma pepo kali kutoka magharibi, hasa wakati wa baridi, ambazo humkabili anayekwenda na kumsukuma anayerudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, nikasahau kwamba baba yake alikuwa nahodha wa jahazi, aliyengoja kusi ndipo aende Arabuni na kaskazi ndipo arejee. "Kumbe ni kaskazi na kusi tu, mwanangu," alisema, akaendelea kufunga sanduku.

Tuliondoka saa tano usiku. Saa yake ya mkononi alikataa katakata kuirudisha nyuma. Nilipozinduka usingizini, saa saba na nusu baadaye, nilimkuta macho, ameikazia ramani iliyokuwa kwenye kiti cha mbele. "Bado tuko Afrika," alininong'oneza. Ilikuwa kweli, tulikuwa juu ya Moroko, na hapo ndipo katikati ya safari. Nimeitazama ramani ya dunia tangu shule ya msingi, wala sikuwahi kutambua kwamba nusu ya njia ya kwenda Marekani ni bara letu wenyewe.

Saa yake ilionyesha kumi na mbili na nusu. Mombasa jua lilikuwa limeshachomoza, ilhali nje kwetu kulikuwa kiza kitupu, kwani ndege iendayo magharibi hulikimbia jua, ingawa mwishowe jua huishinda mbio. Alikuwa akiisubiri Alfajiri. Madirisha ya ndege ile hayakuwa na vifuniko, bali kitufe cha kukitia kioo weusi au kukiondolea, na kila baada ya nusu saa aliniamuru nikibonyeze. "Usije ukawa ni weusi wa kioo," alisema. Nilibonyeza mpaka kidole kikachoka. Weusi ulikuwa wa mbingu.

Tulitua New York karibu saa kumi na mbili asubuhi, bado kungali giza. Tulipomaliza kugongewa mihuri, weupe ndio kwanza ulikuwa ukichungulia kwenye vioo vya ukumbi. Mama alivuta kiti pembeni, akajitanda kanga vizuri, akaswali Alfajiri akiwa ameketi. Saa mkononi mwake ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi, na Mombasa walikuwa wameshaswali Adhuhuri zamani.