Jina kwenye marumaru

Nimeona Maporomoko ya Niagara, nimeona Mnara wa Eiffel ukimeremeta usiku. Nilifurahi kwelikweli. Ila kinachonirudia mpaka leo ni mikwaruzo midogo tu.

Ni ndani ya Hagia Sophia, Istanbul, kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti, lililokamilika mwaka 537. Huko ghorofani kuna ukingo wa marumaru ambao Mviking mmoja, baharia mpiganaji wa kale kutoka kaskazini mwa Ulaya, alichonga maandishi yake karne nyingi zilizopita. Mengi yamefutika, linalosomeka ni jina, Halfdan. Nilisimama pale muda mrefu, watu wakinipita. Wafalme wangapi wamesali chini ya kuba lile! Mimi nikamuwaza huyu mgeni, mbali na kwao, akikwaruza jiwe taratibu, labda kwa ncha ya kisu.

Usiku ule nilimpigia mama, tukaongea mpaka chaji ikaisha.