Siku Moja Maishani Mwangu: Afisa Tabibu Miongoni mwa Wabenet wa Mlima Elgon

Saa kumi na mbili asubuhi

Mimi ni afisa tabibu katika kituo cha afya cha serikali wilayani Kween, mashariki mwa Uganda, na leo ni siku ya huduma ya mkoba. Tunapanda mlimani kwenda kwa Wabenet, jamii ya wenyeji wa asili ambao pia hujiita Wamosopisyek, wanaoishi kando ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon. Katika sanduku ninapanga chanjo za watoto, vipimo vya haraka vya VVU na kaswende, sindano za penisilini, kondomu, na vidonge vya asikloviri. Dawa hiyo ya mwisho ninaikagua mara mbili, kwa sababu ndiyo hukosekana upesi, na ndiyo ninayoihitaji zaidi kwa ugonjwa ambao watu wa huku hawautaji hadharani: malengelenge ya sehemu za siri, yaani herpesi.

Kisa cha leo ninakisimulia nikiwa nimebadilisha mambo kadhaa ili mgonjwa yeyote asitambulike.

Saa mbili asubuhi

Lami tumeiacha chini, na pikipiki mbili zinatubeba mimi, muuguzi na sanduku letu kupitia mashamba ya viazi na mahindi. Mvua ikinyesha, udongo wa huku huwa utelezi mtupu na safari husimama. Ninataja barabara kwa makusudi, kwa kuwa mtu akiuliza kwa nini ugonjwa unaotulizwa kwa vidonge vya juma moja humtesa mama wa Benet kwa mwezi mzima, sehemu kubwa ya jibu imo njiani humu.

Sehemu nyingine ya jibu imo katika historia. Watu hawa waliishi kwa mifugo, asali na mazao ya msitu katika nyanda za juu za mlima. Mwaka 1983 serikali iliwatengea eneo la makazi nje ya msitu, lakini mipaka ya eneo hilo ikawa na ugomvi tangu mwanzo, na msitu ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993, wengi walijikuta wavamizi katika ardhi ya babu zao. Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliyoketi Mbale ilitambua, kwa makubaliano ya pande zote, kwamba Wabenet ni wenyeji wa kihistoria wa eneo hilo. Hata hivyo, zipo familia ambazo bado zinaishi katika vibanda vya muda, na mtu asiye na hakika ya kulala alipo mwakani hawezi kulaumiwa kwa kuchelewa kufika kwenye kituo kilichoko saa kadhaa za mwendo.

Saa tatu na nusu

Mhudumu wa afya wa kijiji, mzee anayeheshimiwa hapa kuliko mimi, ametuandalia chumba kimoja cha shule. Ninamwomba atafute shuka la kuziba dirisha. Mgonjwa wa malengelenge hafungui kinywa, sembuse nguo, mahali ambapo jirani anaweza kuchungulia, na katika kijiji ambacho kila mtu ni shemeji au binamu ya mwenzake, dirisha lisilo na pazia linatosha kumrudisha mtu nyumbani.

Akina mama wanaosubiri chanjo wamekaa nje juani. Ninawasalimu, kisha ninazungumza nao kuhusu magonjwa yote ya zinaa kwa pamoja bila kumtazama mmoja kwa muda mrefu. Ninawaeleza kwamba herpesi husababishwa na virusi vya aina mbili: aina ya kwanza, ambayo kwa kawaida huleta vidonda vya midomo lakini yaweza pia kuambukiza sehemu za siri, na aina ya pili, ambayo huenezwa hasa kwa kujamiiana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na aina hiyo ya pili, na Afrika ni miongoni mwa maeneo yaliyoelemewa zaidi. Takwimu hii ninaitaja kila niendapo, kwa kuwa mama aliyedhani yeye ni wa pekee duniani huinua uso anapoisikia.

Saa tano asubuhi

Anaingia mama mmoja, na muuguzi anaufunga mlango. Anatembea kwa kupanua miguu kidogo. Ananiambia kwamba alianza kwa homa, kisha mitoki ikavimba kwenye kinena, kisha yakaja malengelenge madogo ambayo yamepasuka na kuwa vidonda. Kukojoa kumekuwa moto, na kwa sababu hiyo ameacha kunywa maji. Amekwisha kupaka majani yaliyopondwa, nayo yamemchoma zaidi.

Ninampima kaswende na VVU, na vipimo vyote viwili havionyeshi maambukizi. Kidonda cha kaswende kwa kawaida huwa kimoja na hakiumi. Hivi vyake ni vingi, vimekaa kwa kundi, na vinauma. Ninampa asikloviri ya miligramu 400, kidonge kimoja mara tatu kwa siku kwa siku 7, pamoja na dawa ya maumivu. Ninamshauri aache majani, anywe maji mengi, na akojoe akiwa ameketi ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu ili mkojo usimchome. Ninamwomba pia arudi kupimwa VVU baada ya miezi 3, maana herpesi ya aina ya pili huongeza hatari ya kuambukizwa VVU kwa takriban mara tatu.

Matibabu yamekwisha, lakini mama hainuki.

"Daktari," anasema, "mume wangu anasema nimeutoa kwa mwanamume mwingine. Mama mkwe anataka nirudishwe kwetu."

Hapa ndipo kazi yangu ya kweli inapoanza, na laiti kila mhudumu wa afya angeipa muda huu uzito ule ule anaoupa dawa. Ninamweleza polepole kwamba virusi hivi, vikishaingia mwilini, hupanda kwenye mishipa ya fahamu na kujificha karibu na uti wa mgongo maisha yote. Vyaweza kukaa kimya kwa miezi au miaka, kisha vikaamka mwili unapochoka, unapougua homa, au wakati wa hedhi. Wengi wa walioambukizwa hawajapata dalili yoyote ya kuwatisha, na wanaweza kumwambukiza mwenza wao hata siku ambayo hakuna kidonda. Kwa hiyo kidonda cha leo hakiwezi kutuambia kilitoka kwa nani wala kiliingia lini. Chaweza kutoka kwa mume bila yeye kujua, na chaweza kuwa cha tangu kabla ya ndoa, kwa upande wowote.

"Basi hakuna mwenye kosa?" ananiuliza.

"Mama, mimi sina kipimo cha kosa, na ugonjwa huu hauna ushahidi wa kuvunjia nyumba. Ukikubali, nitazungumza na baba watoto mwenyewe."

Anafikiri kwa muda, kisha anakubali kwa sharti kwamba mama mkwe asiwepo.

Saa saba mchana

Kijana mmoja anajieleza kwa kujiamini: yeye ametahiriwa kama desturi ya huku inavyotaka, hivyo malengelenge hayamhusu. Ninamwambia ukweli wote. Jaribio lililofanyika Rakai, hapa hapa Uganda, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009, lilionyesha kwamba tohara ya wanaume hupunguza maambukizi ya herpesi ya aina ya pili kwa takriban asilimia 28. Upungufu huo una maana kubwa, lakini bado unaacha mlango wazi. Kondomu nayo hupunguza hatari bila kuimaliza, kwa sababu virusi hukaa hata kwenye ngozi isiyofunikwa. Anachukua kondomu zote ninazompa, na hilo linanifurahisha.

Saa nane mchana

Mjamzito wa mimba ya tatu anakumbuka kwamba mwaka jana alipata vidonda vilivyopona vyenyewe. Anaogopa atapofusha mtoto. Mtoto huwa hatarini zaidi mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua, kwa kuwa mwili wake haujapata muda wa kutengeneza kinga na kumpitishia mtoto. Mama mwenye maambukizi ya zamani humpa mwanawe ulinzi mkubwa. Ninaandika kwenye kadi yake kwamba atahitaji asikloviri kuanzia wiki ya 36, na kwamba vidonda vikiwepo uchungu unapoanza apelekwe hospitali, ambako madaktari wanaweza kuamua kumfanyia upasuaji. Kadi ninamsomea, kwa kuwa hajui kusoma, kisha ninamwomba anirudishie maneno kwa kinywa chake.

Saa kumi jioni

Tukiwa njiani kushuka, muuguzi, ambaye ni mgeni kazini, ananiuliza kwa nini tusiwape watu asikloviri ya kila siku ili kuzuia VVU. Ni swali zuri. Lilijaribiwa katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo, na matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza vidonda sana lakini haikupunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mwenza hadi kwa mwenza. Chanjo ya herpesi bado haipo.

Saa kumi na mbili jioni

Ninapoandika ripoti, mwenzangu mmoja anasema kwamba watu wa msituni wana magonjwa haya kwa sababu ya tabia zao. Ninamjibu bila kuzunguka. Huko Australia utafiti wa kitaifa ulikuta herpesi ya aina ya pili kwa watu 12 katika kila 100, na kwa wenyeji wa asili 18. Mwili wa mwenyeji wa asili wa Australia hauna udhaifu wa pekee, kama usivyo nao mwili wa Mbenet. Wanachofanana ni kunyang'anywa ardhi, umbali wa huduma, na wahudumu wanaowahukumu kabla ya kuwapima. Mgonjwa akishasikia maneno kama hayo kituoni, hatarudi, na mwenza wake hatakuja kabisa.

Kisha ninampigia simu mhudumu wa kijiji. Baba watoto amekubali kukutana nami siku ya soko, peke yake, katika chumba kile kile cha shule. Ninamwomba mzee aweke shuka dirishani tena, na ninatenga dozi moja ya asikloviri kwa ajili ya baba huyo endapo naye ana vidonda ambavyo hajamwambia mtu.